Visahani vya hamira vinavyopanda na kushuka vyenyewe: ninavyovitengeneza hapa Kigoma

Kisahani cha karatasi chenye upana wa milimita 6, kikilowekwa hamira na kuzamishwa kwenye haidrojeni peroksaidi, hupanda bila kusukumwa. Katalesi, kimeng'enya (kemikali ya chembe hai inayoharakisha mabadiliko) kilichomo ndani ya hamira, huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Viputo hunasa kwenye nyuzi za karatasi na kukinyanyua. Mara nyingi kikishafika juu hubaki kikielea, na hapo umepata kipimo cha kasi tu. Ukitaka kishuke na kupanda tena, kitafutie uzito unaofaa.

Natumia ushanga mdogo wa kioo kutoka soko la Mwanga. Napima shanga 100 kwa pamoja kwenye mizani ya sonara. Zikitimia gramu 1, kila mmoja una miligramu 10. Ndani ya maji uzito huo hushuka hadi kama miligramu 6, kwa hiyo pamoja na karatasi, mikrolita 7 hivi za gesi zinatosha kukiinua. Ushone kwa uzi mwembamba, usiubandike, maana gundi huziba matundu ya karatasi. Pini au stepo nimeziacha: chuma nacho huivunja peroksaidi, basi hujui tena nani kafanya kazi.

Karatasi iwe ya chujio, ikatwe kwa panchi ya ofisini. Ya daftari hainywi maji vizuri, na tishu huchanika.

Hamira kavu gramu 2 naikoroga katika mililita 100 za maji ya vuguvugu, yasizidi nyuzi 40, na kuiacha dakika 10. Sukari usitie kabisa. Itazalisha kabonidayoksaidi na viputo vyake vitakudanganya. Peroksaidi ya duka la dawa huwa ya 3% au 6%, soma lebo. Ya 6%, mililita 10 kwa 50 za maji, inakupa 1%. Ya saluni niliiacha: nyingi ni krimu, na ile ya 12% huunguza ngozi.

Maji ya kuchanganyia ni jambo ambalo watu wa hapa hulisahau. Ziwa Tanganyika lina alkali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ikiwa katikati) inakaribia 9, na peroksaidi haidumu kwenye alkali. Nachukua maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa.

Loweka kisahani sekunde 10, kikung'ute ukingoni mwa kikombe, kisha kishushe kwa kibanio hadi chini ya bilauri yenye kimo cha sentimita 8. Anza kuhesabu kikigusa chini. Kikichelewa mno, ongeza hamira kidogo kidogo mpaka safari ya kwanza iwe kati ya sekunde 10 na 20. Kasi zaidi ya hapo huwezi kuipima kwa saa ya mkononi. Kikifika juu viputo hupasuka, ushanga hukivuta, mzunguko unaanza upya. Kisiposhuka, gonga bilauri kidogo; kikikataa bado, uzi ni mrefu na unashika hewa.

Cha kukipunguza mwendo ni siki nyeupe: mililita 5 kwenye 50 za peroksaidi, na tofauti utaiona kwenye saa, kwa sababu katalesi hupenda pH ya karibu 7. Magadi usiyatumie kuirudisha hali ya awali. Yakikutana na siki hutoa gesi yake. Weka pia kisahani cha hamira iliyochemshwa dakika 5. Hicho kinapaswa kulala chini. Kikipanda, karatasi ilibeba hewa.

Baada ya safari kadhaa hamira huoshwa na kusambaa, povu hutokea bilauri nzima, na kipimo kimekwisha thamani. Badilisha vyote.

Mwaka 2004 watafiti wa Pennsylvania, Marekani, walionyesha vijiti vya platinamu na dhahabu vyenye urefu wa mikromita 2 vikienda vyenyewe kwenye peroksaidi. Chakula ni kilekile, ila vile husukumwa na umeme unaozaliwa kati ya metali hizo mbili, si viputo.

Mabaki yaache wazi usiku kucha. Usiyafunge kwenye chupa, oksijeni itaipasua.