Urea, CAN na chumvi ya Uvinza: ipi ya ioni, ipi ya kovalenti?

Kanuni ya darasani ni fupi: metali ikiungana na elementi isiyo metali, kampaundi ni ya ioni (chembe zenye chaji zinazovutana), zisizo metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe, ni ya kovalenti (atomi zinashirikiana elektroni). Kwa maswali mengi ya kidato cha pili inatosha kabisa. Inakwama kwenye mbolea. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ana urea na CAN (kalsiamu amoniamu nitreti) stoo. Zote ni chembe nyeupenyeupe, na zote ukizikoroga kwenye maji kikombe kinakuwa cha baridi. Ukitafuta metali kwenye urea huioni, na kwenye amoniamu nitreti, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya CAN, huioni pia. Hata hivyo urea ni ya kovalenti na amoniamu nitreti ni ya ioni.

Siri iko kwenye makundi ya atomi. NH₄ (amoniamu) hutembea kama kitu kimoja chenye chaji chanya, na NO₃ (nitreti) kama kitu kimoja chenye chaji hasi. Ndani ya kila kundi atomi zinashirikiana elektroni, yaani kovalenti. Kati ya kundi na kundi ni mvutano wa chaji. Urea, CO(NH₂)₂, ni molekuli nzima isiyo na chaji, na inaingia kwenye maji ikiwa vilevile nzima. Kwa hiyo ukiona NH₄ mwanzoni mwa fomula, usiseme kovalenti kwa haraka.

Kama hutaki kubishana kwa fomula, pima umeme: maji yenye ioni huupitisha na taa inawaka, yenye molekuli nzima hayaupitishi. Unahitaji betri kubwa 4 za tochi zilizopangwa kwa mfululizo (volti 6), taa ndogo nyekundu ya LED, rezista ya omu 220 kutoka kwa fundi redio, waya, na vijiti viwili vyeusi vya kaboni kutoka kwenye betri zilizokufa. Viunge vyote kwenye mzunguko mmoja, vijiti vikizama kikombeni bila kugusana. Watu wengi hutumia betri 2 na balbu ya tochi, halafu wanalalamika kwamba chumvi haipitishi umeme. Shida si chumvi. Kutenganisha maji ya chumvi kwenye vijiti hula takriban volti 2.2, LED nyekundu inataka karibu 1.8, na jumla hiyo tayari imepita volti 3 za betri mbili. Balbu nayo huhitaji mkondo mkubwa kuliko ule unaopita kikombeni.

Tumia mililita 100 za maji ya mvua. Maji ya ziwa hapa Kigoma yana madini ya kutosha kuwasha LED yenyewe, na maji ya kisima Tabora usiyaamini pia. Maji ya betri ya gari yanafaa tu kama chupa imeandikwa kwamba yamekenekwa. Kuna wanaoiita asidi kwa jina hilohilo.

Anza na maji matupu, kisha sukari kijiko kimoja cha chai, kisha urea, kisha CAN, na chumvi iwe ya mwisho. Ukianza na chumvi, mabaki kwenye vijiti yatafanya sukari ionekane inapitisha. Suuza vijiti na kikombe kila mara. Urea ipime palepale: ikikaa siku kadhaa kwenye kikombe chenye udongo, vijidudu huigeuza kuwa chumvi za amonia na taa itawaka. Ile CAN itaacha unga chini usioyeyuka. Huo ni chokaa (kalsiamu kaboneti), kampaundi ya ioni, na ni jibu kwa wanaosema kila cha ioni huyeyuka kwenye maji. Sukari nayo inawajibu wanaosema cha kovalenti hakiyeyuki. Kwa kweli, kigezo hicho cha kuyeyuka majini ningekifuta kwenye daftari.

Chumvi ya Uvinza ikiwa kavu haipitishi kitu, maana ioni zimeshikana hazisogei. Lakini ikiwa na unyevu taa itawaka kidogo, kwa hiyo ikaange kwanza. Itapasuka kwa kelele, ni maji yaliyonaswa ndani ya chembe, funika. Usitarajie ikayeyuka kwa moto: inataka nyuzi 801, na sufuria ya aluminiamu itakuwa imeyeyuka tangu 660. Sukari haifiki hata 200 kabla ya kuwa uji wa kahawia. CAN na urea usizipashe moto kabisa. Amoniamu nitreti ikipata joto kali inaweza kulipuka.

Pima nje, sekunde chache tu kila kikombe. Kwenye maji ya chumvi, kijiti hasi kinatoa haidrojeni na kile chanya kinatoa klorini, ile harufu ya dawa ya kufulia nguo nyeupe.

Sasa juisi ya ndimu. Taa itawaka, ila asidi ya ndimu ni ya kovalenti. Inagawanyika kuwa ioni ikikutana na maji. Haidrojeni kloraidi ni hivyohivyo: ikiwa kimiminika kisicho na maji haipitishi umeme. Ndiyo maana kipimo cha kuaminika ni kile cha kitu kilichoyeyuka kwa joto bila maji, nacho nyumbani hakifanyiki kwa chumvi.

Kwa mtihani kuna tofauti ya nguvu ya kuvuta elektroni: ikizidi 1.7, wanasema ioni. Sodiamu 0.93 na klorini 3.16, tofauti 2.23, sawa. Lakini haidrojeni na florini zinatoa 1.78 na bado ni gesi ya kovalenti. Aluminiamu kloraidi ina metali, tofauti ni 1.55, na ukiipasha inageuka mvuke karibu na nyuzi 180.