Tezi na omo ndani ya QE2

Ami yangu amekaa Dubai miaka kumi na sita, na muda wote huo hakuwahi kukanyaga bandari ya Mina Rashid kuitazama Queen Elizabeth 2, au QE2, meli ya zamani ya abiria iliyogeuzwa hoteli. Ujana wake wote umeishia kwenye vyumba vya injini vya meli za mizigo, akipaka mafuta na kusikiliza mitambo, na hakuona maana ya kulipa kiingilio ili aingie melini. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania. Nilimwamkia asubuhi, "Shikamoo Ami," akaitika marahaba, nikamwomba anisindikize. Akavaa kofia yake, akanyamaza garini mpaka tulipokata kona ya bandarini na dohani nyekundu yenye ukingo mweusi ikachomoza juu ya mapaa.

"Lo," akasema. "Mbona nyembamba!"

Kweli ni nyembamba. Queen Elizabeth 2 ina urefu wa mita 293, lakini upana wake ni kama mita 32 tu, maana walioiunda kule Clydebank, Uskoti, walitaka ipenye kwenye Mfereji wa Panama. Meli nyingi za kitalii za siku hizi ni maghorofa yaliyowekwa juu ya maji. Hii omo yake, yaani sehemu ya mbele, imechongoka, imeundwa kuikata Atlantiki kwa kasi, wiki baada ya wiki, kati ya Southampton na New York. Ilinunuliwa na Dubai mwaka 2007 kwa dola milioni 100, ikafika Novemba 2008, kisha ikafungwa gatini karibu miaka kumi kabla ya kufunguliwa kuwa hoteli mwaka 2018. Miaka kumi ya jua la Ghuba, bila abiria. Nilipoikaribia na kuona rangi nyeusi ya ubavu wake inang'aa, nilishukuru moyoni kwamba haikuishia kwenye fukwe za kukatia vyuma chakavu.

Binti aliyetuongoza alikuwa mpole na anaijua kazi yake. Alitupitisha kwenye ukumbi wa mviringo wa kupokelea wageni, wenye makochi yaliyozama sakafuni, kisha akatupandisha hadi Queens Room. Hapo nilisimama kwa muda mrefu. Nguzo zake nyeupe zinaanza nyembamba chini na kupanuka juu kama tarumbeta, zikaishikilia dari bila kuonesha kwamba ni nzito. Huu ndio ukumbi wa dansi na wa chai ya alasiri. Mwaka 1967, meli iliposhushwa majini na Malkia Elizabeth, watu wa Uingereza walitaka chombo kisichofanana na meli za babu zao, zenye mbao nyeusi na mapazia mazito, na katika chumba hiki walikipata. Miaka yote hiyo imepita na bado kinaonekana kipya.

Ami hakuwa anatazama dari. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hebu angalia ushoroba huu," aliniambia tulipofika kwenye vyumba vya kulala. Nikaangalia. Zulia lilikuwa refu ajabu, na huko mbele lilikuwa linapanda, polepole, kama njia ya kilimani. "Ndiyo meli hiyo. Omo imeinuliwa ili isizame kwenye wimbi. Jengo halina mpindo huu." Kila tulipofika mlango wenye kizingiti kilichoinuka, mguu wake ulikwisha kunyanyuka kabla macho hayajashuka. Mimi nilijikwaa mara mbili.

Darajani, penye usukani, simu za nahodha na madirisha yanayotazama omo, nilimsimulia usiku wa Septemba 1995, meli ilipokutana na kimbunga Luis huko Atlantiki ya Kaskazini. Wimbi moja lilikuja likiwa na kimo cha karibu mita 29, sawasawa na madirisha haya tuliyosimama nyuma yake. Nilitazama chini gatini, watu walikuwa wadogo. Kuyawazia maji yamefika hapa tuliposimama, tena gizani, kulinitia baridi ya mgongo. Ami akauliza swali moja: "Na waliokuwa chini?"

Swali hilo lilinifuata siku nzima, kwa sababu historia ya meli hii, ukiisoma vizuri, imeandikwa chini. Safari yake ya kwanza ilipaswa kuanza mapema mwaka 1969 lakini ikachelewa hadi tarehe 2 Mei, kwa kuwa mitambo yake ya mvuke iliharibika kwenye majaribio. Mei 1982, ilipochukuliwa na serikali ya Uingereza kupeleka askari wapatao 3,000 kwenye vita vya Falkland dhidi ya Argentina, iliwekewa viwanja vya helikopta ndani ya siku chache na mazulia yakafunikwa kwa mbao, ikaondoka Southampton huku bendi zikipiga na watu wakipunga. Waliokuwa gatini hawakujua kwamba kati ya boila zake tatu za kutengeneza mvuke ni moja tu iliyokuwa inafanya kazi. Mafundi walikuwa huko chini wanahangaika na nyingine. Kisha mwaka 1986 ikapelekwa Bremerhaven, Ujerumani, boila zote zikatolewa na injini tisa za dizeli zikatiwa mahali pake, na ndizo zilizoipa miaka mingine ishirini na zaidi.

Nilipomweleza Ami habari ya boila ile moja, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," akasema. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni Mombasa, lakini siku hiyo nilikuwa nimesimama ndani yake. Tulikwishaona omo. Tezi tuliifikia jioni, kwenye sitaha za nyuma zinazoshuka kama ngazi pana, upepo wa bahari ukitupiga usoni. Ngamani, kule chini kabisa tumboni mwa meli, matembezi yetu hayakufika.

Tulishuka jua linazama, tukaenda Bur Dubai kuvuka khori kwenda Deira kwa abra, nauli dirhamu moja. Abra ni mashua ya mbao, abiria wanakaa kwenye benchi mgongo kwa mgongo, na injini iko katikati yao, chini ya mbao, ambapo mwendeshaji anasimama. Ami alichagua nafasi iliyo karibu nayo kabisa. Injini ilipowaka, benchi likaanza kutetemeka. Akavua kofia, akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo mpaka tukagusa Deira.