Kwani Mbeya Hakuna Wagonjwa?

Mama mdogo aliniuliza hivyo akiwa anamenya viazi, wala hakuinua uso. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba nimechaguliwa kusomea udaktari katika vyuo viwili, Muhimbili ya Dar es Salaam na kile cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichopo hapa Mbeya, na kwamba moyo wangu umeelekea Muhimbili. Tangu siku hiyo mahari ya dada imepokelewa Tukuyu na baba amemaliza kuuza viazi vya Uyole, lakini mimi nimebaki na swali hilo moja masikioni.

"Kwani Mbeya hakuna wagonjwa?"

Liliniuma kwa sababu lilitoka kwake, muuguzi aliyezeeka katika wodi za wazazi, ambaye ndiye aliyenifanya nisome Fizikia, Kemia na Biolojia. Nimelijibu kimoyomoyo mara nyingi. Namwambia kwamba Muhimbili inafundisha madaktari tangu 1963, na kwamba Taasisi ya Mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zipo palepale. Kisha najibu kwa niaba yake, na majibu yake yana nguvu: shahada ni ileile ya Udaktari wa Tiba, miaka ni ileile mitano na mmoja wa utarajali, na katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda mwanafunzi hukutana na wagonjwa wa Kyela, Chunya na hata Rukwa, watu ambao mimi ninayajua mashamba yao na namna wanavyoficha maumivu. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa kuwa ni ya kweli.

Alhamisi jioni nilimsindikiza hadi kituo cha daladala cha Mwanjelwa, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Mama, wale mnaowapeleka Muhimbili kwa gari la wagonjwa, huwa wanaendeleaje?"

"Tukishawakabidhi, tunageuza gari, mwanangu."

"Hamwambiwi?"

"Nani atuambie?"

Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza utaratibu wa kazi, ingawa safari hiyo ni zaidi ya kilomita 800, kupitia Makambako, Iringa na Mikumi, akiwa ameshika chupa ya dripu ya mtu ambaye hatajua kama alipona. Hapo ndipo maumivu yangu yalipoondoka, na furaha ikaja ambayo hata sasa ninapoandika ipo. Wagonjwa wa Mbeya wapo, tena wengine wao wako Muhimbili. Ninataka kujifunza wanachofanyiwa huko, ili siku moja nikifanye huku, na wachache zaidi walazimike kusafiri. Nilimwambia hivyo kabla daladala haijaondoka. Alinishika bega, akasema, "Basi usome kweli."

Jana usiku nimeingiza namba ya uthibitisho niliyotumiwa kwa ujumbe, na udahili wangu umekuwa wa Muhimbili.

Kinachonisumbua sasa ni mkopo. Nilipofungua tena maombi yangu ya Bodi ya Mikopo, nimeona kwamba jina la baba katika cheti changu cha kuzaliwa limepungua herufi moja likilinganishwa na cheti cha kidato cha nne, na orodha ya waliopangiwa mikopo bado haijatoka. Kesho asubuhi nitakwenda mjini na baba, naye amesema tuchukue kitambulisho chake na vyeti vyote viwili.