Siku moja maishani mwangu: fundi wa kufunga grili

Nikiulizwa nafanya kazi gani, najibu kwamba nafunga grili za magari, na karibu kila mtu husema, "Aa, zile za kubandika mbele." Kubandika! Neno hilo ndilo lililonifanya nikae niandike. Grili, au shoo kama wengine wanavyoiita, ni ule uso wa gari ulio katikati ya taa mbili. Kuna gari naitoa ya zamani na kuweka mpya kabla chai haijapoa. Kuna gari lingine linanilaza chini kutwa nzima. Juzi nilipata yote mawili siku moja.

Saa 1 asubuhi nafungua gereji. Kijana wangu anafagia, kisha anatandika blanketi kuukuu sakafuni. Hapo ndipo bampa litalazwa, na ole wake atakayelilaza kwenye saruji tupu. Mchubuko wa bampa hauna mtetezi: mwenye gari akiuona, ni wako, hata kama alikuja nao.

Kabla ya gari lolote kuingia nafungua maboksi. Grili hizi si za kiwandani lilikotengenezwa gari, ni za watengenezaji wengine, na boksi huandikwa jina la gari na miaka yake kwa kujiamini sana. Tatizo ni kwamba gari hubadilishwa sura katikati ya maisha ya modeli ileile. Jina linabaki, injini inabaki, lakini bampa limebadilika na masikio ya kufungia yamesogea sentimita mbili. Kwa hiyo nahesabu masikio, napapasa kingo kama kuna mabaki ya plastiki yaliyosahauliwa kusuguliwa, natazama kama rangi nyeusi imefika mpaka pembeni au imepuliziwa mbele tu. Mtu akipita ataona fundi amekaa kwenye ndoo anachezea plastiki. Hapo nimeshaanza kazi.

Saa 2 iliingia pikapu. Bolti nne juu, klipu chache chini, grili imetoka, mpya imeingia, mwenyewe ameondoka anapiga honi. Sina la kuongeza.

Saa 4 kasoro akaja bwana wa pili, na gari dogo jeusi lililooshwa likang'aa. Kabla hajazima injini alishanyoosha simu dirishani.

"Fundi, nimeona video. Klipu nne tu, dakika nane."

Nikamwambia, "Bosi, video ile imekatwa."

"Hapana, nimeiangalia yote."

Basi. Nikamkaribisha kiti, akakataa. Akasimama nyuma ya bega langu la kulia na hakubanduka hapo mpaka jua lilipoinama.

Kwenye gari kama lake, grili imefungwa kwa nyuma, ndani ya bampa. Haitoki mpaka bampa zima litoke. Unafungua boneti, unatoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya rejeta. Kimeshikwa na zile klipu za kusukuma: unainua kwanza kile kichwa kidogo cha katikati, halafu ndipo unavuta mwili wake. Ukivuta vyote kwa pamoja unavunja, na mtu aliyejifunza kwa video huvuta vyote kwa pamoja. Chini ya kifuniko kuna bolti za spana namba 10. Halafu unakata usukani upande mmoja ili upate nafasi ya mkono, unatoa skrubu zilizo ndani ya madigadi, unarudia upande wa pili. Halafu unalala chini kufungua zile zinazoshika bampa na kinga ya injini. Nami nabandika tepu ya karatasi kwenye fenda, pale ukingo wa bampa unapopita chini ya taa, kwa sababu hapo ndipo rangi hukwanguliwa. Waya wa hasi wa betri umeshatoka kitambo; karibu na hapo zimo sensa za mifuko ya hewa na sipendi mizaha nazo.

Kijana wangu anaweka bolti za kila hatua kwenye kifuniko chake cha kopo, na vifuniko vinapangwa kwa mfuatano. Utaratibu huo nilimfundisha mimi, na nauonea fahari kuliko mashine yoyote niliyo nayo.

Sasa bampa linavutwa. Watu wawili, kila mmoja pembe yake, unavuta kwa nje na si kwa mbele, nalo linaachia likilia tak, tak, tak. Ni sauti ya kawaida kabisa. Lakini kwa kila tak bwana yule aliruka.

"Umevunja!"

"Sijavunja, bosi. Inaachia."

Tak.

"Hiyo je?"

Hiyo, kusema kweli, ilivunjika. Klipu moja ya pembeni, imezeeka imekauka kama ganda la karanga. Nina kopo zima la klipu za akiba kwa ajili hiyo hiyo. Nilimwonyesha klipu mpya, nikaiweka palepale mbele ya macho yake, na bado kwa saa nzima alikuwa akimsimulia mtu kwenye simu kwamba "wamevunja kitu fulani hapa mbele".

Tukachomoa plagi za taa za ukungu, za sensa za kuegesha, tukalaza bampa kwenye blanketi. Gari bila bampa hutisha kidogo: kibogoyo, chuma na mabomba yako nje, rejeta inakutazama. Wenye magari wengi hunyamaza wakifika hapo. Yeye ndipo alipopata maswali.

Kwanza alitoa kwenye buti wavu wa matundu madogo kama wa chujio, eti niufunge nyuma ya grili mpya kuzuia wadudu. Nikamwonyesha vitu viwili vilivyobebana: mbele kondensa ya AC, inayopoza gesi ya kiyoyozi, nyuma yake rejeta, inayopoza maji ya injini. Vyote viwili vinaishi kwa upepo unaopita kwenye grili. Gari likikimbia, upepo upo wa kutosha. Likikwama kwenye foleni, limebaki na feni peke yake, na wavu kama ule unalifunga pua. Grili yake mpya tayari ilikuwa ya matundu. Wa pili wa nini? Akaurudisha kwenye buti kwa shingo upande.

Kisha akaona kiboksi cheusi, ukubwa wa kiganja, kimefungwa katikati nyuma ya mahali nembo inapokaa.

"Hii nini?"

Hapa ndipo siku ilipopotelea.

Ile ni rada. Ndiyo inayoliwezesha gari kupima umbali wa gari lililo mbele, na ndiyo sababu nembo ya kiwandani ya gari lake ni laini, bapa, kama kioo, wakati ya gari jingine la aina hiyohiyo lisilo na rada ina mifereji na nikeli. Rada hizi hutumia mawimbi ya gigahezi 76 hadi 77, urefu wa wimbi kama milimita nne. Yanapenya plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Yakikuta chuma yanadunda na kurudi. Na nembo iliyokuja na grili yake mpya ilikuwa ya madini, imara, inang'aa, nzito mkononi. Aliipenda nembo ile kuliko grili yenyewe.

Nikamwambia haiwezekani. Akasema yeye haendeshi kwa kile kifaa cha kushika mwendo, kwa hiyo rada haimhusu. Nikamwambia rada hiyohiyo ndiyo inayosaidia gari kujifunga breki ukichelewa kukanyaga. Akasema yeye hachelewi kukanyaga. Akapiga simu kwa rafiki yake, akaweka sauti ya nje, na rafiki akatoa hukumu kutoka huko aliko, "Mwambie fundi achomoe waya." Nikasema ukichomoa waya dashibodi itawaka taa za onyo. Rafiki akasema, "Azibe taa." Nawaapia, alisema hivyo.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na najua kuuza maneno, lakini siku hiyo niliweka spana chini nikakaa kwenye ndoo yangu. Nikamwambia ninaweza kumrudishia gari lake kama lilivyokuja na asinilipe chochote. Kufunga chuma mbele ya rada sifungi. Kijana wangu aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta kitu kwenye kopo la klipu.

Kimya. Rafiki akakata simu, au salio lilikata, sijui.

Kilichotuokoa ni kwamba kitako cha nembo kwenye grili mpya kilikuwa cha plastiki na kipo wazi katikati. Tukapima nembo ya zamani: iliingia, ila vimeno viwili vya nyuma havikulingana na matundu. Nikaanza kukisugua kile kitako kwa tupa ndogo, kidogo kidogo. Sugua, jaribu, toa, sugua. Plastiki ukiipunguza zaidi huwezi kuirudishia. Yeye begani akisema, "Hapo bado kidogo, fundi," kana kwamba tupa ameishika yeye. Rada yenyewe sikuigusa, wala kibao kilichoishika. Imewekwa kwa pembe maalumu. Ikiinama digrii moja tu, kwa umbali wa mita 100 imepotea karibu mita moja na robo tatu. Inakuwa haitazami tena gari la mbele yako, inachungulia njia ya jirani.

Chakula cha mchana tulikula tumesimama.

Sikumbuki ilikuwa saa 9 au 10 tuliporudisha bampa. Najua tu kwamba kivuli kilishafika kwenye mlango na mgongo wangu ulikuwa umeanza kuzungumza. Grili ilikaa vizuri, mwanya kati yake na boneti uko sawa kushoto na kulia, nikapitisha ukucha kote kuhakikisha. Kijana akanikabidhi vifuniko vya bolti kimoja kimoja kwa kurudi nyuma. Madigadi, chini, juu. Tukarudisha waya wa betri, tukawasha. Dashibodi safi, hakuna onyo. Bwana yule alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikawasha taa za ukungu. Ya kulia ikawaka. Ya kushoto, giza.

Kila siku nawasha taa zote bampa likiwa limeegemezwa tu, kabla sijakaza bolti hata moja. Kila siku. Siku hiyo nilikuwa najibu kwa nini grili haikuja na skrubu zake, nikakaza. Plagi ya kushoto ilikuwa inaning'inia nyuma ya madigadi. Kosa ni langu, na nililisema kwa sauti kabla hajauliza. Nikakata usukani tena, nikalala kwenye kadibodi tena, skrubu za madigadi tena, mkono ndani mpaka kiwiko, napapasa bila kuona, vumbi linaniingia jichoni, na juu ya kichwa changu sauti ya bwana yule inaniuliza, "Kwani hii nayo ilikuwa kwenye video?" Nilicheka. Sikutaka, ila nilicheka, naye akacheka, na kijana ambaye alikuwa amejizuia tangu saa 4 akaangua kicheko mpaka akadondosha tochi.

Plagi ikalia ka! Hiyo ndiyo sauti ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Ikabaki kile kipande chembamba cha chini, cha urembo, kinachoshikwa na gundi ya pande mbili. Hicho ndicho pekee cha kubandika, kwa wale wanaolipenda neno lao. Na hata hicho ukikibandika ovyo kitaangukia barabarani. Nikakijaribu kwanza bila kutoa karatasi ya gundi, nikaweka alama kwa tepu, nikapangusa bampa kwa spiriti, nikapasha pale moto kidogo, kisha nikabandika kuanzia katikati kwenda pembeni nikikandamiza kwa kidole gumba kila hatua. Gundi ya namna ile haishiki yote papo hapo. Huendelea kushika taratibu, na huchukua saa 72 kufikia nguvu zake zote.

Grili ya zamani tuliifunga kwenye boksi la mpya, tukampa. Wengi huiacha, kisha siku ya kuuza gari wanaitafuta kama dhahabu. Ile nembo ya madini aliiweka mfukoni.

Alizunguka gari mara tatu. Akarudi nyuma hatua kumi, akachuchumaa, akapiga picha. Kichwa kikatikisika polepole kwa kuridhika. Nami, kwa uchovu wote ule, nilisimama pembeni yake nikaitazama pamoja naye, maana ilikuwa imekaa, imekaa kweli, mtu asiyejua angeapa gari lilitoka nayo kiwandani.

"Siku tatu usilioshe kwa mashine ya presha," nikamwambia. "Hapo chini gundi bado inashika."

"Sawa, fundi." Akaingia, akafunga mlango, akateremsha kioo. "Siku tatu kuanzia leo, au leo tusiihesabu?"