Jinsi nilivyoifanya Lamu ibebe taharuki ya riwaya yangu

Mandhari ya riwaya ya taharuki niliyachagua kwa swali moja: mahali hapa pana kitu gani ambacho mhusika hawezi kukibembeleza wala kukihonga? Mlinzi huhongeka. Mlango huvunjika. Polisi huchelewa au huwahi kwa kadiri mwandishi apendavyo, na msomaji analijua hilo. Bahari ina ratiba yake, na ratiba hiyo msomaji anaweza kuihesabu mwenyewe huku akisoma. Kwa hiyo kisa nikakipeleka Lamu, miaka ya 1980, katika safari ya mashua ya kwenda kisiwa cha Pate kwa kupitia Mkanda.

Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Kwa miaka mingi vyombo vilingoja maji yajae ndipo vipite. Njia nyingine ni kuzunguka Manda kwa bahari ya nje, nami nikaifunga kwa msimu: safari nikaiweka wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, upepo unapokaza na bahari ya nje kuchafuka. Kusi imefunga nje, maji kupwa yanafunga ndani. Wahusika wamebanwa kabla mhalifu hajatamka neno.

Kabla ya kuandika sura yoyote nilikipima kila kituo cha kisa hivi: nichukue tukio hilihili nilipeleke Nakuru au Dodoma. Likiweza kutokea vilevile, kwa kubadilisha majina ya mitaa tu, basi mahali hapo ni pambo, na pambo halimbani mtu. Matukio mengi ya kufukuzana vichochoroni huanguka katika kipimo hiki. Lile la Mkanda halikuanguka, kwa sababu nje ya Mkanda halina mguu wa kusimamia.

Kazi kubwa ilikuwa kuyajua maji. Mwandishi wa pwani ana bahati, kwani kalenda ya Kiislamu tayari ni kalenda ya maji. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17; maji mafu, yenye tofauti ndogo ya kujaa na kupwa, huangukia karibu na tarehe 8 na 22. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa takriban dakika 50. Na kuna jambo ambalo waandishi wengi wa bara hulikosa: kwenye pwani hii, siku za bamvua, maji hujaa karibu saa zilezile mwezi hadi mwezi, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Ukiandika kwamba maji ya bamvua yamekupwa kabisa saa tisa mchana, mvuvi atakifunga kitabu chako hapohapo.

Baada ya hapo nikachagua mwanga. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua moja, lakini wa kwanza huacha giza totoro na wa pili huangaza tope lote hadi kwenye mizizi ya mikoko. Kama mhusika anajificha na msomaji anatakiwa kumwona anayemtafuta kwa mbali, mwezi mpevu unafaa zaidi. Mimi nilitaka watu wasikie bila kuona, nikachukua mwezi mwandamo. Jua la Lamu huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na ndani ya nusu saa ni giza. Yale machweo marefu ya nchi za baridi, mhusika akitembea kwa saa nzima katika mwangaza hafifu, hapa hayapo.

Sasa hesabu yenyewe. Maji yamejaa saa kumi na nusu alasiri. Abiria mmoja amewachelewesha gatini, mashua inaingia Mkanda jua likizama, na saa moja usiku inakwama, yaani saa mbili na nusu baada ya maji kujaa. Itaelea lini? Maji yatajaa tena saa kumi na dakika 55 alfajiri, na chombo kitaelea muda kama uleule kabla ya hapo: saa nane na dakika 25 usiku. Nimepata zaidi ya saa saba za watu sita ndani ya mashua moja, bila kulazimisha chochote.

Lakini uzuri wa tukio hilo uko kwenye dakika zake za mwanzo. Maji hayapandi wala kushuka kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa tofauti ya kujaa na kupwa katika mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua la Lamu ni karibu mita 3, kwa hiyo saa hizo sita ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Mashua yangu imekwama katikati ya saa ya tatu, maji yanapokimbia kuliko wakati wote: zaidi ya sentimita 1 kila dakika. Mzigo ukitupwa mara moja, chombo kitainuka na kupita. Mabishano ya dakika 10 yatakuwa yameondoa sentimita 12 chini ya mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo, na hapo hata wakitupa kila kitu hakisogei.

"Tutupe magunia mawili, mwanangu, chombo kiinuke," nahodha anamwambia mwenye magunia.

"Si haya, ami."

"Haya ndiyo yaliyo juu."

Nahodha hajui kilichomo. Msomaji anajua, na anajua pia maji yanavyokwenda, maana sura mbili kabla nimemwonyesha nahodha huyohuyo akimfundisha baharia mtoto kuhesabu mafungu kwa vidole. Maneno ya mabishano nikayapima kwa saa: nilisoma mazungumzo kwa sauti, kwa mwendo wa watu wanaobishana, na kila yalipofika dakika moja nikatia alama pembeni. Mswada uliokuwa na mabishano ya dakika tatu usingeweza kuikwamisha mashua, hata kama kwenye karatasi yalionekana marefu.

Hesabu hiyohiyo hugeuzwa kwa mtu aliyenasa topeni maji yakipanda. Akiwa amesimama pale pa chini kabisa, baada ya saa moja yamefika sentimita 25, chini ya goti. Baada ya mbili, 75, mapajani. Baada ya tatu, mita 1 na nusu, mabegani. Basi mazungumzo yake yawe saa ya kwanza, uamuzi saa ya pili, na saa ya tatu asiseme neno. Waandishi wengi huanza na hofu kubwa dakika ya kwanza, wakabaki hawana pa kupanda.

Kalenda hiyo ilinifungia pia jambo nililokuwa nikilitamani. Maulidi ya Lamu, yenye chimbuko lake Msikiti wa Riyadha, huangukia wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, kwa hiyo haiwezekani mwezi mpevu uwe juu ya umati ule. Mwezi wakati huo umepungua na huchomoza usiku wa manane au baadaye. Nikauacha mwangaza wa mwezi na kuzitumia taa.

Nyumba nilizishughulikia kwa namna hiyo. Nyumba kongwe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hushikwa na boriti za mikoko. Boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa hiyo vyumba ni vyembamba, karibu mita 2 na nusu hadi 3, na virefu. Watu wawili wakipigana humo hawawezi kuzungukana; mmoja yuko upande wa mlango na mwingine hayuko. Kuta zina unene wa kama nusu mita, basi kusikiliza siri kupitia ukutani ni uongo. Sauti hupitia kiwandani, ua ulio wazi katikati, kwa hiyo msikilizaji nikamweka ghorofani akiinamia kiwanda. Na mtu akiingia kutoka mtaani hupita daka, yaani baraza ya mlangoni, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ambayo ina kona ili wa nje wasione ndani. Kona hiyo ni zawadi kwa mwandishi: anayeingia hamwoni anayemngoja, na anayengoja anasikia viatu.

Njia ya kutorokea ilikuwa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya mtaa kuunganisha nyumba mbili. Kitu kama hicho lazima kiwe kimemfikia msomaji mapema, na kikiwa na kazi nyingine. Mara ya kwanza wanawake wanakipita kwenda kumjulia hali mzazi; mara ya pili mtoto anakatazwa kuchezea humo kwa sababu boriti moja imeliwa na mchwa; mara ya tatu mtu anakimbia. Kikitajwa mara moja tu, msomaji ataona kimeletwa kumwokoa mhusika. Kikitajwa mara mbili kwa hofu ileile, atakibashiri.

Maelezo ya mahali niliyamaliza kabla ya hatari. Wikio lilipata maneno kama 150 katika sura tulivu, na mstari mmoja katika sura ya kukimbia. Mtu anayekimbizwa haoni nakshi za mlango. Anaona kama komeo limefungwa.

Kila sura ilikuwa na mstari wake kwenye karatasi moja kubwa: tarehe ya mwezi, saa ya maji kujaa na kupwa, saa ya magharibi, upepo, nani yuko upande gani wa maji, na anaweza kufika wapi kwa miguu. Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 hivi kwa mwendo wa kawaida, lakini maji yakijaa sana njia ya ufukweni hufunikwa sehemu na mtu hulazimika kupita ndani. Ukisogeza sura moja kwa siku mbili, maji yanasogea karibu saa moja na dakika 40 na kila kilicho chini yake kwenye karatasi kinahesabiwa upya. Ndiyo sababu tarehe ya kuanza kisa niliiamua kwanza, na sikuigusa tena.

Mswada ulipokamilika nikampa mtu wa baharini sura za Mkanda peke yake. Sikumuuliza kama zinapendeza. Nilimuuliza chombo cha ukubwa ule kingekwama upande gani, nani angeshuka kwanza kusukuma, na angeshika wapi.