Jenereta ndogo haikuwa na kosa

Niliitwa kutazama jenereta ambayo wenyewe walisema "haikai". Zilikuwa mbili zikilisha basbaa moja, yaani reli ya pamoja inayokusanya umeme wa mashine zote, kubwa ya kilowati 500 na ndogo ya 250, na kila baada ya dakika chache ile ndogo ilikuwa ikijitoa. Walishabadilisha filta, wakabadilisha pampu ya dizeli, na sasa mazungumzo yalikuwa ya kununua injini nyingine.

Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa mbele ya paneli na kutazama mita. Kazi hii nusu yake ni kukaa. Mashine kubwa ilikuwa imebeba kilowati 210. Ikafika 230, 250, 280. Ndogo nayo ikawa inashuka: 90, 70, 50, 20, sifuri. Halafu sindano yake ikapita sifuri ikaingia upande wa pili. Hapo jenereta imeshageuka mota, inazungushwa na mwenzake. Relei, kifaa cha ulinzi, ikahesabu sekunde zake, breka ikaruka, ta!

Gavana, yaani vifaa vinavyoongeza au kupunguza mafuta ili injini ishike kasi yake, zote mbili zilikuwa zimewekwa zishike frikwensi ya hetsi 50 kamili (mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde), mzigo uwe wowote. Mashine ikiwa peke yake, hilo halina neno. Zikiwa mbili kwenye basbaa moja, frikwensi ni ileile moja, ila kila gavana inaipima kwa sensa yake, na sensa hazilingani sawasawa. Kubwa ikisoma 49.98 inaongeza mafuta. Ndogo ikisoma 50.02 inapunguza. Kesho yake zingefanya vilevile. Kila moja ilikuwa inatii amri yake, na aliyeonekana mgonjwa ni yule aliyekuwa akionewa.

Wengi wakisikia kisa hiki husema: si uzifungie waya ziongee? Vifaa vya kugawana mzigo kwa waya vipo, na mimi mwenyewe huvifunga. Lakini waya ukikatika umerudi palepale. Dawa ya zamani inaitwa drupu, nayo ni kuifundisha gavana kulegea. Bila mzigo, zunguka kwa hetsi 52. Kadiri mzigo unavyoongezeka, shuka kidogo kidogo, mpaka kwenye mzigo kamili uwe 50. Hiyo ni drupu ya asilimia 4. Pale mzigo ulikuwa kilowati 300 kati ya 750, yaani asilimia 40, kwa hiyo frikwensi hutulia kwenye 51.2, kubwa ikiwa na 200 na ndogo 100. Hazikuulizana. Frikwensi yenyewe ndiyo iliyopeleka habari.

Ukiambiwa kwamba gridi za nchi nzima zinasimama kwa ujanja huohuo, utadhani wakubwa hawawezi kuusahau. Ujerumani waliwahi kuwa na kanuni kwamba inveta za sola, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, zilizofungwa kwenye laini za msongo mdogo zijitoe mara moja frikwensi ikifika hetsi 50.2. Ilipoandikwa, sola zilikuwa chache, na inveta moja kujitoa ni jambo jema kabisa. Baadaye zikawa gigawati nyingi, ilhali akiba ya haraka ya kuziba umeme unaopotea ghafla, iliyopangwa kwa gridi ya Ulaya bara ni megawati 3000. Frikwensi ingegusa 50.2 mchana wa jua kali, zote zingeamua jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiifungua inveta yoyote kati ya hizo hulioni kosa, maana halimo ndani yake. Mwaka 2012 wakaweka sheria ya kurekebisha zilizokwisha kufungwa. Mpya zilishatakiwa kupunguza polepole kuanzia hapo 50.2, asilimia 40 kwa kila hetsi moja. Drupu ileile, kwa jina jingine.

Basi nikaziwekea gavana zote mbili drupu ya 4, nikarudi kwenye kiti changu. Saa nzima ikapita bila breka kulia. Msimamizi akaja, akainama kwenye mita.

"Fundi, mbona inasoma 51.2? Si umetuharibia?"

Nikamwomba azime mashine za karakana moja moja huku akiitazama. Mzigo ukafika 225, mita ikapanda 51.4. Akawasha tena, ikashuka. Akarudia mara tatu, ya mwisho nadhani kwa raha zake tu.

Ile pampu ya dizeli waliyoitoa ilikuwa bado kwenye kona, imeviringishwa gazeti. Nzima.