Ufunguo wa Pili

Chumba kilikuwa Bombolulu, Mombasa, ndani kidogo ya barabara ya Malindi. Nilikuwa na miaka 23 na nimepata kazi ya kushona. Mtaa ule una karakana za watu wenye ulemavu tangu 1969, kwa hiyo kiti cha magurudumu hakimshangazi mtu.

Mama alinisindikiza kutoka Likoni. Tulipanda feri maji yamekupwa, mteremko wa kuingilia mkali, na vijana wawili wakakidaka kiti changu kabla sijafungua mdomo. Walikuwa na nia njema, najua. Lakini hilo ndilo lililonichosha tangu utotoni: kushikwa kabla ya kuulizwa. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka tutendewe kwa heshima, nami naamini heshima yenyewe inaanzia hapo.

Mwenye nyumba alizungumza na mama tu. "Ataweza kupika huyu? Na maji?"

Nikajibu mwenyewe. Maji nitanunua ya mkokoteni, mtungi uletwe hadi mlangoni. Stovu itakaa juu ya meza fupi. Kizingiti kilikuwa kirefu, nikaomba nimlete fundi amwage saruji kwa gharama yangu. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba. Kiti kingebaki nje, mimi nihamie kwenye stuli. Akakubali yote.

Kisha akatoa funguo mbili zilizofungwa kwa uzi. Mama akanyoosha mkono.

"Huu mmoja nakaa nao mimi."

"Hapana, mama. Huo utakaa kwa jirani."

"Jirani ndiye aliyekuzaa? Ukianguka usiku je?"

"Nitampigia simu, aje afungue."

Moyo ulinienda mbio. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kliniki hadi kliniki, na hofu yake ilikuwa na sababu. Lakini ndiye pia aliyeingia nikioga, nikivaa, nikilia, bila kubisha hata siku moja, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa kazi yake tangu nizaliwe. Kwenye nyumba yake sikuwahi kuwa na mlango.

"Wewe utapiga hodi, mama, nami nitakufungulia."

Aliondoka amenuna. Jioni nilipompigia, hakushika simu. Nililia, lakini ufunguo sikuupeleka Likoni.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, na samaki wa kupaka kwenye bakuli.

"Hodi!"

Nilikuwa kitandani. Kuhamia kwenye kiti kunanichukua muda, na sikujiharakisha. Akabisha tena. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, angeweza kuusukuma, hakuusukuma.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akapita moja kwa moja hadi kwenye stovu, akaziangalia sufuria nilizozipanga sakafuni. "Hizi zitaingia mende. Nizipandishe juu."

"Ziache, mama. Huko juu mkono wangu haufiki."

Akaziacha. Akauliza sahani ziko wapi, nikaenda kuzitoa mimi.